Shavu Langu kwenye Slaidi Arobaini na Moja

Nilimsubiri Profesa kwa miaka saba, na sitadanganya kwamba nilimsubiri kwa sala. Nilimsubiri kwa chuki safi, niliyoitunza kama ninavyotunza lenzi: naifuta kwa kitambaa laini kila asubuhi, nairudisha ndani ya kisanduku chake, nafunga.

Profesa si profesa. Ni mwalimu wa baiolojia katika shule yetu ya sekondari. Jina hilo wanafunzi walimpa kwa utani, naye akalivaa kama mtu aliyeokota kofia njiani ikamkaa. Mimi ni fundi wa maabara hapo hapo. Naosha mirija, natunza hadubini, na nikiambiwa nitayarishe slaidi, yaani vile vipande vya kioo vinavyowekwa chini ya lenzi, nazitayarisha. Kazi hii kabla yangu ilikuwa ya kaka yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kushusha kifuniko cha kioo kwa pembe, polepole, ili hewa itoke na kisibaki kiputo hata kimoja.

Kila mwaka, siku mbili kabla ya mtihani wa vitendo, huja bahasha iliyopigwa lakiri. Ndani yake mna orodha ya sampuli. Anaisoma mkuu wa shule, anaisoma fundi anayezitayarisha, basi. Mwalimu wa somo haruhusiwi kujua, maana akijua, wanafunzi wake watachora kitu ambacho hawajakiona.

Miaka saba iliyopita Profesa alimfuata kaka. "Hawa watoto ni wetu wote," akamwambia. "Nidokeze tu, ndugu yangu." Kaka ana moyo laini kama uji, akamdokeza. Kesho yake mwanafunzi mmoja akamaliza kuchora jibu lake kabla sampuli haijafika mezani kwake. Uchunguzi ulipofanywa, Profesa alisimama mbele ya kamati, mkono kifuani, akasema alimwona fundi akinong'ona na watoto nyuma ya stoo. Kaka akafukuzwa, akapigwa marufuku kuingia maabara yoyote. Mimi nilikuwa msaidizi wake, nikakabidhiwa funguo. Mtaani wakasema nimempanda mgongoni. Yeye siku hizi anatengeneza miwani barazani kwake, anakaza skrubu ndogo kama mbegu za ufuta, na hajawahi kuniuliza lolote kuhusu kazi.

Wanasema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Basi na mimi nilikuwa nautafuta mkuki.

Udhaifu wa Profesa niliujua vizuri. Hatazami ndani ya hadubini. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi sijamwona akiinamisha kichwa kwenye lenzi. Yeye ni mtu wa ubao. Seli yake ya mmea huichora kama tofali: ukuta wa mistari miwili, vakuoli kubwa katikati, kiini kimesukumwa pembeni, mitokondria tatu zimelala upande wa kushoto kama maharage. Na kwenye kona, vijiti viwili vilivyokatana, akaviita sentrioli.

Sasa, seli ya kitunguu haina sentrioli. Hizo ni za seli za wanyama. Hata mitokondria, ingawa zimo, kwa hadubini za shule huwezi kuziona. Ni ndogo mno. Ukitazama ngozi ya kitunguu kwa hadubini yetu utaona ukuta, kiini, na uwazi mkubwa, kwaheri. Lakini Profesa alikuwa ameukamilisha mchoro wake, akautia sahihi, akaubandika nyuma ya mlango wa maabara na kuwagawia watoto nakala. Mwanzoni sikumsahihisha kwa sababu fundi hamsahihishi mwalimu. Baadaye sikumsahihisha kwa sababu sikuona kwa nini nimnyooshe mtu niliyetaka apinde.

Mwaka huu mkuu wa shule alipoifungua bahasha, nilisoma mara mbili. Fundi atayarishe seli za ndani ya shavu la mtu mzima, zitiwe rangi ya buluu, slaidi moja kwa kila mtahiniwa. Mtahiniwa achore seli mbili anazoziona, ataje sehemu zake. Jina la sampuli asiambiwe.

"Mbona unacheka?" mkuu akaniuliza.

"Jino, mama," nikasema. "Likiuma huwa nacheka."

Kesho yake nikaenda sokoni nikanunua vitunguu kilo mbili. Nikavimwaga juu ya meza ya maabara, karibu na dirisha, nikaweka wembe pembeni na chupa ya ayodini, ile tunayoitumia kwa ngozi ya kitunguu. Halafu nikakaa kusafisha vioo na kusubiri.

Alikuja saa nane mchana, kama alivyokuwa akija kila mwaka. Kila mwaka nilimfukuza kwa adabu.

"Dada yangu," akasema akiegemea mlango, "kazi nyingi?"

"Kazi ipo, mwalimu."

"Watoto wana wasiwasi mwaka huu. Ukinidokeza hata herufi moja, utakuwa umepata thawabu."

"Mimi sisemi kitu, mwalimu. Nina watu wanaonitegemea."

Macho yake yakaanza kutembea. Yakafika kwenye vitunguu, yakakaa hapo.

"Leo unapika?"

"Maabara hapapikwi."

Akacheka, akagonga fremu ya mlango kwa kidole cha pete. "Wewe una akili kuliko kaka yako," akasema. "Yeye alisema kwa mdomo."

Akaondoka akipiga mluzi. Miaka saba nilikuwa sijui kama anakumbuka. Kumbe anakumbuka na anaona raha. Nikafunga mlango kwa ufunguo, nikachukua vijiti vya kuchokolea meno, nikaanza kulikwangua shavu langu mwenyewe kwa ndani. Kijiti kimoja, slaidi moja. Nilikwangua upande wa kulia, nikahamia wa kushoto, mpaka mate yakawa na ladha ya damu. Nikapaka, nikatia rangi ya buluu, nikashusha vifuniko, nikaziba kingo kwa rangi ya kucha ili zisikauke, nikaandika namba ya meza kwenye kila moja. Arobaini na moja. Kawaida huwa nazikagua moja moja kwenye hadubini. Siku ile sikuzikagua, maana hasira ilikuwa imekaa kwenye macho.

Jioni nilikwenda kwa kaka, jua likiwa bado liko juu ya paa. Nakula kwake kila siku. Sasa niseme jambo ambalo wengine wangelificha: binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa katika darasa hilo hilo la Profesa. Alikuwa amekaa mkekani na madaftari yake, akaniomba nimuulize maswali.

"Ribosomu?" nikamuuliza.

"Zinatengeneza protini."

"Golji?"

"Inafungasha vilivyotengenezwa na kuvisafirisha. Kama watu wa vifurushi, shangazi."

"Lisosomu?"

"Vifuko vya kumeng'enya. Vinakula takataka za seli." Akafikiri kidogo. "Vikipasuka, vinaila seli yenyewe."

"Vizuri," nikasema. Sikuendelea na swali lingine.

Yeye ndiye aliyeendelea. "Profesa katuambia kesho ni kitunguu. Katuchorea tena seli yake, tuikariri pamoja na mitokondria tatu na sentrioli. Ni kweli, shangazi?"

Barazani, bisibisi ya kaka ilinyamaza.

"Mimi sijui chochote," nikamwambia. "Chora unachokiona."

"Na nisipoziona hizo mitokondria?"

"Usizichore."

"Profesa atanikatia alama."

"Hasahihishi yeye. Una macho ya baba yako, yatumie."

Sikumwambia zaidi. Ningemwambia, angemnong'oneza rafiki yake wa meza ya jirani, na yule angewaambia wenzake, na hadi asubuhi darasa zima lingekuwa linachora shavu na Profesa angeponyoka. Nilichokitaka ni jina la kaka yangu lisafishwe. Nilichokiweka mezani ni mtihani wa mwanawe. Nililijua hilo nikiwa natafuna chakula cha kaka yangu, na nikameza.

Siku ya mtihani fundi anaruhusiwa kupita kati ya meza kurekebisha vioo vya hadubini ili mwanga uingie vizuri. Nilipita. Nikawaona wakitazama ndani ya lenzi kwa heshima kidogo, kama mtu anayemwamkia jirani asiyempenda, kisha wakainua vichwa na kuchora tofali. Meza baada ya meza: ukuta wa mistari miwili, maharage matatu, vijiti vilivyokatana kwenye kona. Walikuwa wanalijengea shavu langu ukuta. Nilifurahi.

Meza ya kumi na nane alikaa rafiki wa binti yetu, msichana wa jirani anayetaka kusomea uuguzi. Alikuwa akiukandamiza ule ukuta kwa nguvu mpaka ncha ya penseli yake ikakatika. Akainua mkono. Nikamwendea, nikatoa wembe mfukoni, nikamchongea, nikamrudishia. Akanitabasamia, akaendelea na ukuta wake. Binti wa kaka, meza ya kumi na saba, alikuwa ameifunika karatasi kwa mkono, sikuona kitu.

Wiki tatu baadaye ofisa wa mitihani akaja na karatasi zetu kwenye mkoba. Mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa uzi kwenye mkono mmoja. Nikajisemea huyu anamhitaji kaka. Alitaka tukutane maabara: yeye, mkuu wa shule, Profesa na mimi. Akazipanga karatasi juu ya meza kama karata.

"Karatasi arobaini," akasema, "zimechora kitu kimoja. Seli yenye ukuta. Sasa, mwalimu, seli ya shavu ina ukuta?"

"Shavu?" Profesa akasema.

Lilimtoka kabla hajalishika. Akanigeukia. Nikamtazama kwa miaka yote saba, sikupepesa. Angeweza kusema kwamba nimemlaghai. Lakini ili aseme hivyo, ilibidi kwanza aseme kwamba alikuja kuniuliza.

Ofisa akatembea hadi mlangoni, akautazama mchoro uliobandikwa pale na sahihi ya Profesa chini. Akahesabu maharage kwa kidole. "Tatu," akasema. "Na hizi sentrioli kwenye kitunguu nimezitafuta katika vitabu vyote nilivyonavyo."

Profesa si mjinga, na mtu anayezama hushika hata unyasi. "Mama," akasema, "karatasi ni arobaini na moja. Hiyo moja imechora sawasawa? Ya nani?" Akaijua bila kuambiwa. "Ya mtoto wa yule fundi tuliyemfukuza. Na huyu ni shangazi yake, na slaidi katengeneza yeye. Aliyevujishiwa mtihani ni nani hapo? Damu ni damu."

Mkuu wa shule akanitazama, na nikaona swali limeingia machoni mwake. Nilikuwa nimechimba shimo refu kiasi hiki, na ukingoni amesimama mtoto wa kaka.

Ofisa akaichomoa karatasi ya arobaini na moja, akanisogezea. Binti alikuwa amechora seli mbili zisizo na umbo maalumu, kama unga uliomwagika. Utando, saitoplazimu, kiini. Hakuweka mitokondria hata moja. Lakini pembeni alichora duara kubwa lenye mstari mnene mweusi, akaandika kwa mwandiko wake wa kulala: *Hiki sikijui. Kingo zake ni nyeusi sana na hakina kiini. Lakini kipo.*

Nilikijua mara moja. Kilikuwa kiputo cha hewa. Mimi, ambaye sijawahi kuacha kiputo tangu nifundishwe, niliacha kimoja siku ile, na kikaangukia meza ya kumi na saba.

"Slaidi zipo?" ofisa akauliza.

Zilikuwepo, huwa tunazihifadhi mpaka matokeo yatoke. Nikaitoa namba kumi na saba, nikaiweka kwenye hadubini, nikarekebisha mwanga. Ofisa akatazama muda mrefu. "Mtoto aliyevujishiwa," akasema, jicho likiwa bado kwenye lenzi, "angechora shavu zuri, akamaliza. Asingehangaika na kiputo cha hewa. Huyu alichora kwa sababu alitazama." Akasogea pembeni. "Karibu, mwalimu. Tuonyeshe seli."

Profesa akainama. Alifumba jicho moja, akafumbua, akafumba la pili. Mikono hakujua aiweke wapi. Mimi nilisimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake.

"Naiona," akasema. "Ile pale, ya duara. Ina ukuta mnene kabisa."

Hakuna aliyecheka. Mkuu wa shule aliinamisha kichwa na kufunika macho. Ningeweza kufa saa ile nikiwa nimeshiba.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka. Faili la kaka likafukuliwa ofisini, na ndani yake kulikuwa bado na ile karatasi ya mwanafunzi wa miaka saba iliyopita, iliyotumika kama ushahidi. Maharage matatu upande wa kushoto, vijiti viwili kwenye kona. Watoto hawakunong'onezwa na fundi nyuma ya stoo, walichorewa ubaoni. Profesa aliondoka na viatu vyake viwili na kofia yake ya utani. Kaka akaandikiwa barua: marufuku imeondolewa, shule inaomba radhi, akitaka kazi mlango uko wazi. Binti yake akafaulu. Wale arobaini matokeo yao yakafutwa, warudie mwaka ujao.

Niliipeleka barua mwenyewe, nikitembea kama bibi harusi. Kaka aliisoma barazani kwa kioo cha kukuzia, akaikunja, akaiweka chini ya kopo la skrubu ili upepo usiichukue.

"Ulijua watachora kitunguu?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Wote?"

"Wote, kaka. Ndiyo maana wizi wake ukaonekana."

"Na mwanangu ulimwacha humo?"

Kaka akachukua miwani ya mtu, akaipuliza vumbi.

"Mimi nilikosa, dada," akasema. "Nilimdokeza yule mtu, na kosa langu nalijua. Lakini mimi wale watoto niliwakosea kwa kuwahurumia." Akakaza skrubu, akailegeza tena. "Hiyo barua sitaipeleka popote kabla hujaenda kwa hao arobaini. Nyumba kwa nyumba. Uwaambie wewe, wasisikie kwa watu."

"Mkosaji ni Profesa."

"Profesa kashapata yake."

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, nikaondoka bila kula, na kwa siku nne sikukanyaga kwake. Siku ya tano nikavaa viatu nikaenda nyumba ya kwanza, ya jirani, kwa yule msichana wa meza ya kumi na nane.

Mama yake alifungua mlango, akanishika mikono yote miwili. "Karibu ndani, mama," akasema. "Mungu akupe umri. Bila wewe yule mwizi angeendelea kutuharibia watoto." Akanivutia kiti, akakipangusa kwa upindo wa kanga. Nilikaa.

Msichana alitoka chumba cha ndani, akaniamkia, akakaa kwenye mkono wa kiti cha mama yake.

"Madamu," akasema, "ni kweli tulichora shavu lako?"

"Ni kweli."

"Ulikuwa unapita pale mezani. Uliniona ninachora ukuta?"

"Nilikuona," nikasema.

Mama yake alikuwa bado anatabasamu, akitutazama mmoja mmoja, hajaelewa. Msichana aliitazama mikono yangu muda mrefu.

"Ulinichongea penseli," akasema.